Usingoje Mwalimu Agundue: Omba Tathmini ya Mtoto Kabla Hajaingia PP1



Januari inakuja. Mtaani kwetu kuna watoto wa miaka minne ambao wameshaanza kununuliwa sare, mabegi ya katuni na viatu vyeusi saizi moja juu ili wakue navyo. Na kuna wengine wa umri huohuo ambao mama zao hawajanunua kitu. Wanajua moyoni kwamba mtoto wao ana jambo, na wanaiogopa ile siku ya kwanza ya nasari. Leo tunawaandikia hao. Lakini tunakuandikia wewe kijana zaidi, na mwisho utaona kwa nini.

Wacha nianze na kisa cha hapa karibu. Mama mmoja jirani yangu alimpeleka mwanawe nasari alipofika miaka minne, kama watu wote. Wiki ya pili akaitwa. Akaambiwa mtoto haongei, hatulii, akiitwa hageuki, anasumbua wenzake, kwa hivyo amrudishe nyumbani mpaka aanze kuongea. Hakupewa barua. Hakuambiwa aende wapi. Akamshika mkono akarudi naye.

Sisi majirani tukamfariji. "Watoto wa kiume huchelewa kuongea." "Hata mjombake alikuwa hivyo." Mimi mwenyewe nilisema maneno hayo, na diploma yangu iko ukutani. Mtoto akakaa nyumbani miaka miwili. Alipofanyiwa tathmini tayari ana miaka sita, ndipo ikajulikana shida ni masikio. Yalikuwa yakitoa usaha tangu utotoni, yakikauka yanarudi, na tukazoea. Sikio moja lilikuwa karibu limekufa na la pili linasikia nusu. Sasa hivi yuko darasani, anakaa mbele, mwalimu anaongea akimtazama usoni, na anasoma. Ila anasoma na watoto aliowapita miaka miwili, na miaka hiyo hakuna ofisi itakayomrudishia.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna mtu aliyemchukia mtoto yule. Mwalimu alikuwa na watoto wengi na mikono miwili. Mama alifanya alichoambiwa. Majirani tulisema tulichozoea kusema. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza: "Huyu mtoto ameshapimwa?" na kuandika barua ya kuomba apimwe.

Basi msimamo wetu ni huu: mzazi mwenye shaka na mtoto wake aombe tathmini kwa maandishi kabla shule hazijafunguliwa, na asikubali ukosefu wa tathmini ufanywe sababu ya mtoto kubaki nje.

TATHMINI NI NINI HASA

Kenya ina vituo vya serikali vya tathmini na rasilimali za elimu, na watu wengi huviita EARC. Si kitu kipya. Vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, miaka miwili kabla ya kuanzishwa taasisi ya KISE ya kufundisha walimu wa elimu maalumu. Kwa hivyo vina miaka zaidi ya arubaini, na bado ukiuliza watu kumi msikitini kituo cha kaunti ndogo yao kiko wapi, utabahatika kumpata mmoja anayejua. Mara nyingi ni chumba ndani ya shule ya msingi au karibu na ofisi ya elimu, na ukipita barabarani huwezi kukijua.

Anayempima mtoto pale kwa kawaida ni mwalimu aliyesomea elimu maalumu. Atakuuliza historia: mimba ilikuwaje, mtoto alizaliwaje, alilia mara moja au la, amewahi kulazwa, alikaa lini, alitembea lini. Ataangalia anavyosikia, anavyoona, anavyoshika vitu, anavyocheza, anavyoongea, kama anaweza kula na kwenda choo mwenyewe. Mwisho anaandika ripoti. Ripoti inaweza kusema mtoto aende darasa la kawaida kwa msaada fulani, au kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida, au shule maalumu, au kwanza aende hospitali kwa masikio, macho au mazoezi ya viungo.

Watu huchanganya hii na ile tathmini ya hospitali inayotakiwa ili mtu asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kupata kadi. Zile ni mbili tofauti. Ya hospitali inaeleza hali ya mwili na afya. Ya EARC inaeleza mtoto atasomaje. Unaweza kuzihitaji zote, lakini usikubali kuambiwa ukiwa na moja basi nyingine haina haja.

NI MTOTO GANI WA KUPELEKWA

Hatutaki kila mzazi alale na wasiwasi. Watoto hutofautiana. Lakini kama mtoto wa miaka mitatu au minne hageuki akiitwa kwa nyuma, au haungi hata maneno mawili, au watu wa nje hawaelewi anachosema, au alikuwa na maneno kisha yakapotea, au anashika kitabu karibu na pua, au anaanguka ovyo kuliko wenzake, au hacheki na mtu na hachezi na mtu, au masikio yanatoa usaha kila mara, mpeleke. Ukikuta hana kitu, umepoteza asubuhi moja. Ukikuta ana kitu, umeokoa miaka.

Anza na masikio na macho. Mtoto asiyesikia vizuri anaweza kuonekana mkaidi, na asiyeona vizuri anaweza kuonekana mvivu.

Na hili ni letu hasa, wenye lugha zetu za nyumbani: mtoto kutojua Kiingereza si ulemavu. Mtoto aliyelelewa kwa Kisomali, Kiborana au Kidigo akiingizwa darasa la Kiingereza atanyamaza, hata wewe ungenyamaza. Kwa hivyo siku ya tathmini sema wazi nyumbani mnaongea nini, na aende naye mtu anayeijua lugha hiyo vizuri. Mtoto apimwe kwa lugha anayoielewa, la sivyo kitakachopimwa ni Kiingereza chake.

SHERIA IKO UPANDE WA MTOTO

Usiende ofisini kama mtu anayeomba hisani. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, na ya kufika katika taasisi za elimu zilizo ndani ya jamii, kwa kadiri inavyomfaa yeye mwenyewe.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 34, inakataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi, na ulemavu umetajwa humo pamoja na dini, kabila, lugha na mengine. Sheria hiyohiyo inaikataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kumkubali au kumkataa. Ikimpima, iwe ni ili ajulikane awekwe wapi. Na kabla hujaambiwa nasari haihesabiki, elimu ya chekechea imo ndani ya maana ya elimu ya msingi katika sheria hiyo.

Kwa hivyo lile neno "mrudishe mpaka aongee" halina mguu wa kusimamia. Mwalimu mkuu akikuambia hawezi kumchukua, usibishane wala usipige kelele. Mwambie hivi: "Sawa mwalimu, naomba uniandikie sababu." Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Utashangaa ni "haiwezekani" ngapi hugeuka "hebu tuone" mtu akiombwa aandike na kutia sahihi.

PENGO AMBALO WATOTO WETU WANATUMBUKIA

Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi wanaopenda siasa za kaunti hawajalitazama. Soma Jedwali la Nne la Katiba. Elimu ya chekechea imepewa serikali ya kaunti. Elimu maalumu imepewa serikali ya kitaifa.

Sasa fikiria mtoto wa miaka minne asiyesikia. Darasa analoingia ni la kaunti, na mwalimu wake ameajiriwa na kaunti. Anayefaa kumpima yuko chini ya Wizara ya Elimu kule Nairobi. Mwalimu wa nasari anaona shida lakini anayepima si mwenzake wa kazi, na bosi wake ni mwingine. Anayepima ana ujuzi lakini ana eneo kubwa, usafiri haba, na hajui mtoto yuko wapi. Kila mmoja anaweza kusema "hiyo si kazi yangu" na asiwe ameongopa. Katikati amekaa mtoto.

Hatusemi haya kumlaumu mwalimu fulani au afisa fulani. Tunasema ili uelewe kwa nini ukingoja mfumo ujipange wenyewe utangoja sana. Hadi hizo serikali mbili zikae meza moja, karatasi inayounganisha darasa na kituo ni barua ya mzazi.

BARUA YENYEWE

Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Ni lugha rasmi ya nchi hii kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba, usitishwe. Nakili hivi:

"Kwa Afisa Msimamizi, Kituo cha EARC, Kaunti Ndogo ya ______.
Kupitia kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo.
Tarehe ______.
KUH: OMBI LA TATHMINI YA ELIMU YA MTOTO WANGU
Mimi ni mzazi wa ______, aliyezaliwa tarehe ______. Anatarajiwa kuingia PP1 katika shule ya ______ mwezi wa Januari. Tumeona mambo haya: ______. Nyumbani tunaongea ______. Naomba afanyiwe tathmini kabla ya shule kufunguliwa ili ijulikane atahitaji msaada gani darasani. Naomba nipewe tarehe kwa maandishi, na baada ya tathmini nipewe nakala ya ripoti.
Wako mwaminifu, ______. Simu ______."

Pale kwenye "mambo haya" usitafute maneno ya daktari. Andika unachokiona: "Nikimwita akiwa amenipa mgongo hageuki." "Ana miaka minne na anasema maneno matano." Mifano mitatu minne ya kweli inatosha.

Toa nakala mbili. Moja wape, ya pili wakupigie muhuri na tarehe, ubaki nayo. Bila muhuri hujapeleka barua, umetembea tu. Siku ya tathmini beba cheti cha kuzaliwa au ile karatasi ya hospitali ya kuzaliwa, kitabu cha kliniki, barua zozote za daktari, na kitambulisho chako. Ukiombwa pesa yoyote, omba risiti.

Ikipita wiki mbili tatu kimya, rudi. Ukizungushwa, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andika kuuliza ombi lako la tarehe fulani limefikia wapi, mtoto amepangiwa siku gani, na kama hajapangiwa ni kwa nini. Ofisi ya umma inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Sheria hiyo inasema wazi kwamba unaweza kuandika kwa Kiingereza au Kiswahili, na kama mzazi hajui kuandika, afisa anatakiwa amwandikie. Wakinyamaza hata hapo, kuna Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huiita Ombudsmani, inayosimamia sheria hiyo.

Haya yote yakiendelea, mtoto aandikishwe shule. Narudia kwa sababu hapa ndipo tunapoteza watoto wengi. Tathmini haitakiwi kuwa lango la kumfungia nje. Akae darasani huku tarehe ikingojwa.

Na ripoti ikitoka isome, uliza usichoelewa. Kama imesema apelekwe shule ya mbali ya bweni na wewe unaona anaweza kusoma karibu na nyumbani kwa msaada, sema hivyo. Sera ya serikali ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu yenyewe inasukuma elimu jumuishi, watoto wasome pamoja. Wakati mwingine shule maalumu ndiyo bora, hasa kwa mtoto kiziwi anayehitaji kukaa na wenzake wa lugha ya ishara. Uamuzi uwe wa kumfaa mtoto. Tena si wa milele. Mtoto hukua, na unaweza kuomba apimwe upya.

YALE TUNAYOAMBIANA NYUMBANI

Tuseme ukweli sisi kwa sisi. Wengi hawaendi kwa sababu ya aibu. "Watu watasema nini." "Dadake atapata mchumba kweli?" Mtoto anafichwa chumba cha nyuma wageni wakija. Au anapelekwa kwa mtu wa kutoa jini, wiki baada ya wiki, pesa zinaenda, na masikio hayajaangaliwa hata siku moja.

Msomee mtoto dua. Hakuna anayekuzuia, na sisi tunamwombea pia. Lakini dua na barua ya EARC hazigombani. Ibn Umm Maktum alikuwa kipofu, na Surat Abasa iliteremka kwa sababu yake, kufundisha kwamba mtu aliyekuja kutafuta elimu hapuuzwi. Baadaye alikuwa muadhini Madina. Umma wenye historia hiyo hauna sababu ya kumficha mtoto wake.

KAZI YAKO WEWE KIJANA

Mama wa yule mtoto wa jirani yangu hakuwa na mtu wa kumwandikia barua. Alikuwa na sisi, tunaojua kuandika, tukamwambia wavulana huchelewa. Ndiyo maana tunakuandikia wewe. Wewe ndiye umesoma. Una simu, unajua kutafuta ofisi iko wapi, huogopi mlango wenye kibao. Shangazi yako pengine anaogopa.

Tunaomba mambo matatu kabla ya Januari.

Kwanza, tafuta mtoto mmoja. Mmoja tu, katika ukoo au mtaa. Kaa na mamake kwa adabu, msikilize, usimpe jina la ugonjwa maana wewe si daktari. Mwandikie barua, umsindikize. Nauli ya watu wazima wawili na mtoto si kitu kikubwa vijana watano wakichanga.

Pili, zungumza na ustadh wa madrasa. Watoto wetu wengi huanza chuoni kabla ya nasari, kwa hivyo maalim ndiye mwalimu wa kwanza kuwaona. Muulize: ni nani harudii herufi wenzake wakirudia? Ni nani mpaka aguswe bega ndipo ageuke? Muombe kwa heshima kwamba huyo asichapwe wala asifukuzwe, bali mzazi aitwe. Wakiwa wengi, kamati ya msikiti iandike kwa kituo cha EARC kuomba siku moja waje, na madrasa itoe ukumbi, viti na maji. Afisa mwenye eneo kubwa na usafiri haba atapata kazi rahisi akikuta watoto kumi na watano mahali pamoja.

Tatu, nenda kwenye vikao vya maoni ya bajeti ya kaunti. Tunajaza ukumbi kwa barabara na taa, na ni haki yetu. Safari hii mmoja wenu asimame amuulize mwakilishi wadi: walimu wetu wa chekechea wamefunzwa kumtambua mtoto mwenye mahitaji maalumu? Wakimtambua wanamripoti kwa nani? Kuna makubaliano gani kati ya kaunti na kituo cha EARC? Jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Sisi ni watu tuliozoea kufuatilia karatasi. Tunajua foleni ya kitambulisho, tunajua "rudi kesho", tunajua thamani ya muhuri. Ujuzi huo tuliupata kwa shida. Tuutumie kwa mtoto wa miaka minne ambaye hawezi kujisemea.

Kama unamjua mtoto huyo, usimalize wiki hii bila kubisha hodi kwao.

Wabillahi tawfiq.